Redio Nyuma ya Michongoma

Jumatano, tarehe tisa mwezi wa saba. Asubuhi ilikuwa ya baridi na manyunyu, yale manyunyu yasiyomlowesha mtu mara moja bali polepole, mpaka anashangaa nguo zimekuwa nzito. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mapaa ya nyumba. Hata hivyo mabomba ya kumwagilia bustani yalifunguka kama yanavyofunguka kila siku, yakawa yanazunguka na kumwagia maji majani yaliyokwisha kulowa.

Niliyaona kupitia dirishani nilipomaliza sala ya alfajiri. Lakini akili yangu haikuwa kwenye maji. Nilikuwa nasikiliza redio ya jirani, na ile redio ilikuwa imesema muda wote nikisali.

Hilo ndilo lililonitia baridi.

Naishi kwa mwanangu, katika makazi yaliyojengwa nje ya mji ambayo wenyewe wanayaita Kijiji. Neno hilo limechongwa kwenye jiwe pale getini. Ukiingia utatafuta kuku, humwoni; kuku wamekatazwa. Utatafuta mtu aliyekaa kibarazani, humwoni pia, ingawa huyo hajakatazwa. Nyumba zote ni nyeupe na milango yote ni ya kahawia. Barabara zimepewa majina ya maua, nazo zinapinda taratibu hivi kwamba hakuna kona ambayo ungemwambia mtu, "Ukifika pale, kata kushoto." Watu wanatoka kwa gari na kurudi kwa gari. Mwaka jana mwanangu alipaka sanduku la barua rangi ya kijani, kamati ikamwita. Kwa desturi ya hapa, aliyevunja kanuni husimama pale pale alipoivunjia, mbele ya Mwenyekiti na majirani wawili, akatamka kwa sauti kwamba ataliweka jambo kama lilivyokuwa. Mwanangu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, alisimama kando ya sanduku la barua akaahidi.

Sisemi kwa kulalamika. Nyumba ile ameipata kwa jasho, na chumba alichonipa kina dirisha la mashariki. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila siku. Ila miezi ya mwanzo niliongea kidogo sana, hata sauti yangu ikaanza kukwaruza kama mlango usiofunguliwa.

Nyuma ya bustani yetu kuna uzio wa michongoma, mrefu kupita mtu, mnene kama ukuta. Upande wa pili kuna nyumba nyingine iliyotupa mgongo, nasi tumeipa mgongo. Asubuhi moja nilikaa karibu na michongoma hiyo na kikombe cha chai, nikawa nasoma kwa sauti somo la darasa langu la jioni. Nimeanza kusoma uzeeni, na bila kutamka siwezi kushika. Mara sauti ya mwanamume ikatoka ndani ya majani.

"Rudia hapo. Umeruka mstari."

Nusura nimwage chai. "Nani wewe?"

"Jirani wako wa mgongoni."

"Na umejuaje nimeruka mstari, wakati kitabu hukioni?"

"Kwa sababu yule aliyekuwa akilia sasa anacheka, na sijasikia mtu aliyembembeleza."

Nilitazama kitabu. Kweli nilikuwa nimeruka.

Tangu siku hiyo tukawa tunaongea kila asubuhi, kila mtu upande wake. Alikuwa mjane, mpima ardhi mstaafu. Binti yake yuko ng'ambo. Alikuwa akisema, "Bibi Jirani, nimewapimia watu mipaka maisha yangu yote, sasa imenirudia." Siku moja aliniuliza kama nina meno. Nikamwambia yapo, mengine yamesafiri. Akasema, "Basi wewe una nafuu. Yangu yote yanalala kwenye glasi." Tulicheka mpaka mkwe wangu akachungulia dirishani kuona nacheka na nani.

Hatukuwahi kuonana. Miguu yake ilikuwa mibovu, na mimi sikuwahi kufikiria kuzunguka kwa mbele. Ya nini, wakati sauti yake ilikuwa hapo hapo? Hata namba ya nyumba yake sikuiuliza.

Redio yake ilikuwa ikianza kusema kabla hakujakucha. Lakini dirisha langu na jiko lake vinatazamana kupitia michongoma, naye alisikia mnong'ono wa sala yangu. Kila nilipoanza kusali aliizima, na nilipomaliza aliiwasha. Sikumwomba. Hakuwahi kulitaja. Lilikuwa jambo la heshima kati yetu, kama mtu anavyokupisha njiani.

Jumanne haikuzimwa. Nilikwenda kwenye michongoma nikaita, "Bwana Jirani! Leo umeniacha nisali na wauza sabuni?" Kimya, ila redio ikitangaza sabuni. Nikadhani amelala. Nikasoma somo langu lote kwa sauti, nikarudi ndani.

Usiku ule redio ilisema mpaka nikalala. Na Jumatano alfajiri, ndiyo hiyo.

Mkwe wangu alikuwa jikoni akinywa kahawa kwa kusimama, viatu vya ofisini vimeshavaliwa. Mwanangu alikuwa ametoka mapema, na mjukuu wangu alikuwa akikisaka kiatu cha mguu mmoja chini ya meza.

"Mwanangu," nikamwambia mkwe wangu, "yule mzee wa nyuma hajambo kweli? Redio yake haijazimwa tangu jana alfajiri."

"Labda amesafiri, Mama. Watu wa hapa wanasafiri."

"Mtu asafiri aache redio?"

"Wengine wanaacha makusudi, wezi wadhani kuna mtu." Alinitazama, akalegeza sauti. "Mama, usiwe na wasiwasi. Hapa kila mtu na lake. Tukianza kugongea watu milango tutaonekana vipi?"

"Tutaonekana tumegonga."

Mjukuu wangu akacheka chini ya meza. Mama yake hakucheka. "Nitauliza jioni," akasema, wakaondoka.

Nilibaki na nyumba na ile redio. Nikaita tena kwenye michongoma. Nikaomba, "Ee Mungu, kama ni wasiwasi wa kizee, uniondolee. Kama sivyo, uninyanyue." Nilipomaliza nikajikuta nimeshavaa viatu.

Nilijifunga mtandio wangu wa bluu, nikachukua mwavuli. Simu niliiacha jikoni ikichaji, nikidhani naenda na kurudi.

Hakuna njia ya waenda kwa miguu Kijijini. Nilitembea kwenye majani pembeni mwa barabara, huku nikijaribu kukadiria: nyumba yetu iko hapa, mgongo wake huko, basi uso wa nyumba ya mzee lazima uwe upande ule. Lakini barabara ilipinda, ikapinda tena, na nilipofika nilipodhani ndipo, niliona milango ya kahawia mfululizo, yote sawasawa. Nikasimama nisikie redio. Sikuisikia. Kutoka mbele, nyumba zile hazitoi sauti.

Nikabonyeza kitufe cha lango la kwanza. Kisanduku cha sauti ukutani kikakoroma.

"Hatununui kitu," sauti ya mwanamke ikasema.

"Siuzi kitu, mama. Namtafuta mzee mmoja, jirani yangu—"

"Jina lake?"

"Silijui."

"Namba ya nyumba?"

"Sijui. Ila ana redio."

Kisanduku kikanyamaza. Nikaenda lango la pili, hakuna aliyejibu. Kwenye la tatu mwanamume aliniambia niende ofisini kwa utawala. Nilipokuwa nageuka kuelekea la nne, gari jeupe likapunguza mwendo kando yangu. Ndani alikuwamo mwanamke ambaye mjukuu wangu humwita Mama Mbwa, kwa sababu ya mbwa wake wawili wenye manyoya marefu. Walikuwa kiti cha nyuma wakinitazama. Niliinua mkono nimsimamishe, nimwulize. Alinyanyua simu yake usawa wa kioo, akaishusha, akaondoka.

Sikuelewa wakati ule. Baadaye nilielezwa. Wenyeji wa Kijiji wana grupu lao la simu. Anayemwona mtu asiyemjua akitembea kwa miguu humpiga picha na kuituma. Wenyeji watatu wakiweka kidole gumba chini ya picha hiyo, maana yake hakuna amjuaye, walinzi wamtoe. Hakuna anayelazimika kushuka garini kumwuliza mtu anataka nini.

Kigari cha umeme cha walinzi kilinifikia kabla sijabonyeza lango la tano. Mlinzi alikuwa mtu wa makamo, koti lake jipya limempita mabega. Kampuni yao ilikuwa imeanza kazi mwanzoni mwa mwezi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Kuna mzee huku ndani amepatwa na jambo."

"Nyumba namba ngapi?"

"Sijui. Ni ile iliyoipa mgongo yetu."

"Na yenu ni namba ngapi?"

Hiyo nilikuwa naijua, nikamtajia. Akagusagusa kioo cha kifaa alichoning'iniza shingoni. Niliona uso wake ukibadilika, si kwa ukali, kwa uchovu.

"Mama, wewe umeandikwa mgeni. Na muda wa ugeni wako umekwisha tangu mvua za masika."

"Mgeni wa nani? Mimi ni mama wa mwenye nyumba!"

"Sikatai. Lakini mashine inasema mgeni." Akapiga namba ya mwanangu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. "Hapokei. Mama, panda twende. Nimeagizwa, si kupenda kwangu."

"Nitapanda, baba, lakini kwanza tumwangalie mzee."

"Mama yangu, kila anayetaka kubaki humu ana mgonjwa. Juzi mmoja alikuwa na mgonjwa, kumbe ana mifagio ya kuuza."

Nikapanda. Ningefanya nini? Nilikaa nyuma ya kigari kile nikitazama nyumba nyeupe zikirudi nyuma, na katika mojawapo redio ilikuwa ikisema.

Nje ya geti kuna ukingo wa saruji kando ya maua. Nilikaa hapo, mwavuli juu ya kichwa, mtandio umenata mgongoni. Yule mlinzi mwenye koti alinipa kipande cha boksi nikikalie. Kila baada ya muda nilimwita dirishani kwake.

"Mpigie tena mwanangu."

"Nimempigia, Mama. Labda ana mkutano."

"Basi mtume mwenzako akamgongee mzee."

"Mzee yupi, nyumba ipi? Na tukigonga asipofungua, haturuhusiwi kuingia mpaka mwenyewe atoe ruhusa."

"Aliyeanguka atatoa ruhusa vipi?"

Akavuta koti lake. "Mama, hii kazi nina wiki moja nayo."

Hakuwa mbaya, alikuwa na watoto, aliniambia baadaye. Nilifumba macho nikasali, na sitaficha kwamba sala yangu haikuwa ya upole. Nilimwambia Mungu, "Wewe huhitaji namba ya nyumba. Unaona paa zote kutoka juu. Mbona umeniweka huku nje mimi ninayemjua?" Magari yaliingia na kutoka. Kila gari lilipopita nilisimama, nikainua mkono. Vioo vilikuwa vyeusi. Wengine nadhani walidhani naomba.

Adhuhuri gari la mkwe wangu likaja. Jumatano shule hutoka mapema. Nalijua gari lile kwa mkwaruzo wa ubavuni. Nilisimama, nikapunga mkono wote. Likanipita.

Alikuwa akitazama mbele, kama wenzake wote wanavyotazama pale getini, ambapo wanaokaa kwenye ukingo ni watu wa kutotazamwa. Kizuizi kikainuka, gari likaingia nusu, halafu likakanyaga breki kwa kishindo, kizuizi kikining'inia juu ya paa lake. Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Bibi!" mjukuu wangu akapiga kelele. "Mama, ni Bibi! Bibi amekaa kwenye boksi!"

Mkwe wangu alishuka. Alinitazama, akamtazama mlinzi, akanitazama tena, mdomo wazi. "Mama? Unafanya nini huku?"

"Nimetolewa," nikamwambia. "Hayo tutaongea. Nipeleke kwa mzee."

Ndani ya gari, mjukuu wangu alikuwa ameshika simu ya mama yake. Watoto wa siku hizi hawahitaji kuambiwa wapi pa kutafuta. Alinisogezea kioo. Niliona mgongo wa mwanamke mzee mwenye mtandio wa bluu, amesimama mbele ya lango kama mwizi anayechagua. Juu yake maandishi: *Nani anamjua huyu? Anabonyeza malango ya watu.* Chini yake vidole gumba vitatu.

"Huyu ni daktari wa meno," akasoma kwa kidole chake kidogo. "Huyu wa nyumba ya pembeni. Na huyu..." Akanitazama. "Bibi, huyu ni Baba."

Mkwe wangu alishika usukani kwa mikono miwili. "Alikuwa mkutanoni, Mama," akasema hatimaye. "Wanaweka tu. Hata mimi huweka. Hatuangalii."

Nikasema tu, "Endesha."

Mlinzi alitufuata na kigari chake. Mkwe wangu aliandika kwenye grupu, *Nani anakaa nyuma yetu? Ni dharura.* Hakuna aliyejibu kwanza. Halafu mmoja akajibu kwamba si ruhusa kutaja makazi ya watu kwenye grupu. Tulikuwa tumesimama bustanini, nyuma ya nyumba yetu. Redio ilikuwa ikisoma habari za mpira.

Mkwe wangu aliitazama simu, akaitazama michongoma. Kisha akaitia simu mfukoni.

"Mama, ule mkasi mkubwa wa bustani uko wapi?"

"Dada," mlinzi akasema haraka, "uzio hauruhusiwi kukatwa. Kanuni—"

"Nipe mkono, au nipishe."

Alikata akiwa na viatu vyake vya ofisini, visigino vikizama kwenye udongo. Miiba ilimchana mikono mpaka viwikoni. Katikati ya michongoma tukakuta wavu wa chuma ambao hakuna kati yetu aliyewahi kujua upo. Mlinzi alisimama akiutazama. Halafu akavua lile koti, akaenda kwenye kigari, akarudi na koleo. Alikata wavu waya mmoja mmoja.

Mimi nilipita kwanza. Mwiba ulibaki na kipande cha mtandio wangu.

Mlango wa jiko lake ulikuwa umerudishwa tu. Alikuwa sakafuni, kati ya meza na mlango, mguu mmoja umekaa vibaya, blanketi la kitini amelivuta nusu likamfunika kifua. Redio ilikuwa juu ya meza, juu ya kichwa chake, asipoweza kuifikia. Niliizima. Katika ule ukimya nikamsikia akipumua.

"Bwana Jirani."

Akafungua macho. Yalichukua muda kunipata. Nililowanisha pindo la kitambaa, nikampaka midomoni, akanyonya maji kama mtoto mchanga.

"Kumbe wewe mfupi," akasema.

Nikacheka na kulia kwa pamoja. "Na wewe kumbe una masikio makubwa. Ndiyo maana unasikia nikiruka mistari."

"Jana nimekusikia." Alipumzika. "Ulisoma yote. Uliniita. Nikaitika, nikaitika. Redio ikanimeza."

Nilikuwa nimesimama pale Jumanne, kwenye majani, hatua chache kutoka mlango ule, nikiwatania wauza sabuni, naye akiniitikia. Mpaka leo nikisali nafikia hapo nakwama.

Gari la wagonjwa lilipokuja, watu walitoka. Ndiyo siku ya kwanza kuwaona wenyeji wa Kijiji wakiwa kwa miguu, wamesimama kwenye malango yao na simu mkononi. Mama Mbwa alikuwapo. Alinitambua kwa ule mtandio ulioraruka, akatazama chini. Machela ilipopita, mzee alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu, na ilibidi mhudumu avifungue vidole vyake kimoja kimoja.

Mwanangu alirudi jioni. Alikuwa ameshaambiwa. Alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni, hakuketi.

"Mama, sikuangalia."

"Najua."

"Ilikuwa picha ndogo. Nilikuwa nasikiliza mtu mwingine. Nilibonyeza tu, kama tunavyobonyeza."

"Najua, mwanangu. Ungeangalia ukanitoa, ningekasirika nikamaliza. Hili la kutoangalia silijui namna ya kulikasirikia." Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamwuliza lililokuwa likinila zaidi: "Na ugeni? Nimekaa hapa tangu mjukuu wangu hajang'oa meno ya mbele. Mbona niliandikwa mgeni?"

"Kubadilisha kunataka kwenda ofisini mwenyewe. Kila wiki nilisema wiki ijayo." Sauti yake ikapasuka. "Samahani, Mama."

Nilimwambia nimemsamehe, na nilisema kweli, lakini usiku ule sikumwombea yeye kwa jina kama kawaida yangu. Nililikumbuka hilo kitandani, nikaamka nikamwombea.

Habari za hospitali hazikuwa nzuri wala mbaya. Nyonga ilifungwa vyuma. Kifua kiliingiwa na maji, kwa kulala kwenye sakafu ya baridi, na daktari alisema kwa umri ule hawezi kutuahidi kitu. Ijumaa nilikwenda kumtazama. Aliongea kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Lile tundu bado lipo?"

Nikamwambia lipo.

"Wataliziba," akasema. "Nawajua. Nikirudi nikasikia limezibwa, Bibi Jirani, heri nisirudi."

Na kweli Jumamosi kamati ikaja. Mwenyekiti alikuwa na miwani iliyoning'inia kwa kamba na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Majirani wawili wa kushuhudia walikuwa daktari wa meno na Mama Mbwa, safari hii bila mbwa. Mlinzi alisimama nyuma yao na koti lake. Tulikusanyika mbele ya tundu, na kupitia tundu lile jiko la mzee lilionekana, na ile redio juu ya meza, kimya.

"Sote tunamshukuru Mungu mzee ameokolewa," Mwenyekiti akaanza. "Hakuna anayelaumu mtu. Ila uzio ni uzio. Leo mmetoboa kwa wema, kesho mwingine atatoboa kwa sababu zake. Kila mtu hapa amenunua utulivu wake."

"Na kufia sakafuni kumo kwenye utulivu?" mkwe wangu akauliza. Mikono yake ilikuwa na mistari myekundu bado.

"Dada, tafadhali. Ni maneno machache tu." Mwenyekiti akamgeukia mwanangu, akamwonyesha maandishi kwenye simu. "Unayajua. Uliyasema mwaka jana kwa lile sanduku. *Mimi, mwenye nyumba, mbele ya majirani zangu, naahidi kuurudisha uzio kama ulivyokuwa.* Kisha tunakwenda zetu kunywa chai."

Namjua mwanangu. Ni mtu wa kukubali. Tangu utotoni hapendi watu wanune mbele yake, na pale Kijijini amekubali mengi ili akae vizuri na watu. Nilimwona akivuta pumzi, akinyoosha shati, kama alivyofanya kando ya sanduku la barua. Nikashika mkono wa mjukuu wangu. Nilikuwa nimemwambia mgonjwa kwamba tundu lipo. Midomo yangu ilisali bila mimi kuiambia.

"Mimi, mwenye nyumba," mwanangu akasema, "mbele ya majirani zangu..."

Alikuwa akilitazama lile dirisha la jiko. Halafu akamtazama Mama Mbwa, akamtazama daktari wa meno, mmoja mmoja, mpaka kila mmoja akahamisha macho. Mwisho akanitazama mimi. Akatoa simu yake mfukoni, akampa binti yake aishike, mikono yake ikabaki mitupu.

"...naahidi kwamba tundu hili sitaliziba."

"Ndugu yangu," Mwenyekiti akasema, "hayo siyo maneno yaliyoandikwa hapa."

"Najua yaliyoandikwa. Kamati na inichukulie hatua, nitazipokea." Sauti yake ilitetemeka, lakini haikushuka. "Naahidi mbele yenu wote, na mbele ya mama yangu niliyemwandika mgeni, na mbele ya Mungu ambaye mama alimlilia pale getini: hapa nitaweka mlango mdogo usio na kufuli. Kila asubuhi, kabla sijawasha gari, nitapita hapa kwa miguu yangu, nimwite mzee, nimwone kwa macho yangu. Mpaka atakaporudi, asubuhi hizo nitazipeleka hospitali. Nimesema kwa mdomo wangu, nanyi mmenisikia."